Madaraja ya Almasi Yasikudanganye: Mwongozo Kamili kwa Anayenunua Pete ya Uchumba

Almasi moja ikipelekwa kwenye maabara mbili, inaweza kurudi na vyeti viwili vinavyopingana. Kimoja kinasema rangi yake ni G na usafi VS2, kingine kinasema rangi J na usafi SI2. Jiwe halijabadilika hata chembe, ila bei ambayo muuzaji atathubutu kukutajia imebadilika sana. Hapo ndipo wanunuzi wengi wa pete za uchumba wanapoumia, tena bila kujua, kwa sababu tofauti hiyo haionekani jiwe likiwa kidoleni, na hakuna anayefikiria kwenda kupima upya baada ya posa kukubaliwa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka pete yenye almasi moja kubwa katikati, kwa pesa alizozitolea jasho, na asiye na ndugu sonara wa kumshika mkono. Kitu kimoja kinabeba mengine yote: uzito wa almasi hupimwa kwa mizani, lakini daraja la rangi na la usafi ni maoni ya watu waliolitazama. Maoni hayo yana thamani kulingana na walioyatoa.

Herufi zenyewe zinasema nini

Mfumo unaotumika karibu kila duka ulitoka GIA, taasisi ya vito ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931, ambayo katika miaka ya 1950 ilipanga ngazi za rangi na usafi tunazozijua leo. Almasi hupimwa kwa mambo manne: uzito, rangi, usafi na mkato.

Uzito hutajwa kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2. Rangi huanzia D, yaani jiwe lisilo na rangi kabisa, na kushuka hadi Z, ambapo umanjano au ukahawia mwepesi unaonekana wazi. Mpimaji hulilaza jiwe kifudifudi, uso wake mpana ukiwa chini, kisha hulilinganisha na mawe ya mfano yenye rangi zinazojulikana. Tofauti ya herufi moja ni ndogo mno kiasi kwamba hata mtaalamu hawezi kuitaja kwa uhakika bila mawe hayo ya mfano.

Usafi, yaani uchache wa dosari za jiwe, hupimwa kwa lenzi inayokuza mara 10. Ngazi zake, kutoka juu kwenda chini, ni FL, IF, VVS1, VVS2, VS1, VS2, SI1, SI2, halafu I1, I2 na I3. Shika orodha hiyo kichwani. Ukikuta SI3, GIA haina daraja hilo. Ukisikia almasi ikisifiwa kuwa ni AAA, hilo nalo halimo kwenye mfumo huu, na muuzaji anayelitumia anakwepa kukuambia daraja halisi. Kuhusu mkato nina mengi ya kusema, nitaufikia.

Kwa nini vyeti havilingani

Maabara hulipwa na anayeleta jiwe, na mara nyingi huyo ni mfanyabiashara. Mfanyabiashara akijua kwamba maabara fulani huona H pale ambapo nyingine huona J, atalipeleka wapi jiwe lake? Ni kama mtihani mmoja kusahihishwa na walimu wawili, mmoja mkali na mwingine mpole, kisha mwanafunzi akaruhusiwa kuchagua ni alama za nani aonyeshe nyumbani. Mwaka 2020 shirika la viwango la ISO lilitoa kiwango cha kimataifa cha kupima almasi zilizokatwa, lakini viwango vya aina hiyo hufuatwa kwa hiari.

Mfano unaojulikana sana ni jina EGL. Maabara kadhaa katika nchi mbalimbali zililitumia jina hilo, na madaraja ya baadhi yao yalikuwa yamelegea kiasi kwamba mwaka 2014 soko la mtandaoni la wafanyabiashara, RapNet, liliacha kuorodhesha mawe yenye vyeti vya EGL. Vyeti vya zamani vya jina hilo havikufutika kwa uamuzi ule, hivyo ukiuziwa pete iliyokwisha kuvaliwa, angalia sana jina lililo juu ya karatasi.

Sasa angalia jinsi mtego wenyewe unavyofanya kazi. Unaonyeshwa almasi ya G na VS2 kutoka maabara mpole, kwa bei iliyo chini ya ile ya G na VS2 yenye cheti cha GIA. Unafurahi, unadhani umepata nafuu. Lakini wafanyabiashara wanajua maabara hiyo huandika vipi, na muuzaji wako alilinunua jiwe hilo kwa bei ya J na SI2, kwa kuwa ndivyo lilivyo. Anakuuzia kwa bei iliyo juu ya thamani yake halisi huku ukimshukuru kwa punguzo. Hajaghushi chochote, cheti ni halali, saini ni za kweli. Ndiyo maana mtego huu ni mgumu kuulalamikia baadaye, na ndiyo maana nasisitiza kinga ianze kabla ya pesa kutoka.

Hatua ya 1: Uliza cheti ni cha nani kabla ya kuuliza bei

Kwa almasi ya asili yenye ukubwa wa kuwa jiwe kuu la pete, mimi ningesimama kwenye cheti cha GIA. Maabara ya AGS, iliyosifika kwa ukali wa kupima mkato, ilifungwa na kazi zake kuhamia GIA mwishoni mwa mwaka 2022, na vyeti vyake vya zamani bado vina heshima. IGI na HRD Antwerp ni maabara kubwa zinazotambulika. Jiwe la asili likiwa na cheti chao, usilikatae, ila usililinganishe bei moja kwa moja na la GIA. Lilinganishe na mawe mengine yenye cheti cha maabara hiyohiyo, kisha jiulize kama bado lina bei nzuri iwapo lingeshuka ngazi moja ya rangi na moja ya usafi.

Cheti kilichoandikwa na duka lenyewe ni tangazo la biashara. Hata kiwe na muhuri wa dhahabu, usikipe uzito.

Hata GIA si malaika. Mwaka 2005 iliwafukuza kazi watumishi wa maabara yake kufuatia madai ya kupandisha madaraja. Jiwe lililo mpakani mwa G na H linaweza kupata G leo na H likirudishwa kupimwa. Tofauti ya ngazi moja ni ya kawaida na haimaanishi udanganyifu. Tofauti ya ngazi tatu ni habari nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Hakikisha cheti na jiwe ni wa nyumba moja

Namba ya cheti iingize wewe mwenyewe kwenye tovuti ya maabara, kwa simu yako, bila kubofya kiungo ulichotumiwa na muuzaji. Soma kinachotokea na ukilinganishe na karatasi, mstari kwa mstari. Mwaka 2015 GIA ilitangaza kwamba kumbukumbu za kompyuta zake ziliingiliwa na madaraja ya zaidi ya almasi elfu moja yakabadilishwa. Vyeti hivyo vilifutwa. Kwa hiyo karatasi nzuri iliyo mkononi haitoshi, kumbukumbu ya leo ndiyo inayosema.

Kisha njoo kwenye jiwe. Mawe mengi huchongwa namba ya cheti kwa leza kwenye kiuno chake, ule ukingo mwembamba unaolizunguka. Omba lenzi ya kukuza mara 10, iweke karibu kabisa na jicho, na ulisogeze jiwe hadi liwe kama sentimita 2.5 kutoka kwenye lenzi. Wengi hushika lenzi mbali na uso, ndiyo sababu hawaoni kitu.

Namba ikilingana, bado usipumzike. Wataalamu wamekwisha kukuta almasi zilizotengenezwa maabara zikiwa zimechongwa namba ya cheti halali cha almasi ya asili. Mchongaji anaweza kuiga namba, lakini ni vigumu sana apate jiwe lenye vipimo vilevile hadi ncha ya mwisho. Cheti huandika uzito hadi sehemu ya mia ya karati na kipenyo hadi sehemu ya mia ya milimita. Omba jiwe lipimwe mbele yako kwa mizani na kipimio cha duka. Kama cheti kina mchoro wa dosari, itafute dosari kubwa iliyochorwa, mahali palipochorwa.

Hatua ya 3: Soma maandishi madogo chini ya cheti

Sehemu ya maoni ndiyo ambayo wanunuzi huiruka, na kwa macho yangu ina thamani kuliko herufi za juu. Kuna sentensi moja ya Kiingereza ya kuihofia hasa kwenye mawe ya SI1 na SI2: “Clarity grade is based on clouds not shown.” Inamaanisha kwamba daraja la usafi limetokana na mawingu ya chembe ndogo yaliyotapakaa ndani ya jiwe, ambayo hayakuchorwa. Jiwe la namna hiyo linaweza kuwa na utusitusi, likakosa uhai hata kwenye mwanga mzuri, ilhali SI1 jingine lenye kidoa kimoja pembeni linameta vizuri na kidoa hakionekani kwa macho matupu. Herufi ni zilezile.

Tazama pia kilichoandikwa kuhusu mwako wa buluu unaotokea jiwe likimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. GIA huutaja kwa ngazi kutoka None hadi Very Strong. Kati ya robo na theluthi ya almasi huwa nao kwa kiasi fulani, na kwa mawe mengi hauna madhara. Ila ukiwa na nguvu kwenye jiwe la rangi ya juu, hushusha bei sokoni, na mawe machache hupata ukungu kama wa maziwa. Kama umeandikwa Strong au Very Strong, bei iwe imeshuka, nawe ulitazame jiwe juani kabla ya kukubali.

Hatua ya 4: Weka mkato mbele ya vyote

Wauzaji hutaja karati kwanza kwa sababu karati ni rahisi kuuza. Kinacholifanya jiwe liwake ni mkato, yaani jinsi pande zake zilivyopangwa ili mwanga unaoingia kutoka juu urudi kwenye jicho lako badala ya kupotelea chini. Ukiwa na pesa ya kupandisha kitu kimoja tu, pandisha huu. Rangi G, H au hata I na usafi wa VS2 au SI1 safi kwa macho matupu, vikiwa na mkato bora, vitapendeza kuliko D isiyo na dosari iliyokatwa ovyo.

GIA ilianza kutoa daraja la mkato mwaka 2006, kwa almasi za duara za kawaida, likiwa na ngazi tano kutoka Excellent hadi Poor. Kwa miaka mingi maumbo mengine, kama yai, mraba au mto, hayakuwa na daraja hilo kwenye vyeti vyake. Hapa pana ujanja mmoja. Muuzaji anakuonyesha almasi ya umbo la yai na kusema, “Tazama, ina Excellent mbili.” Zisome zimeandikwa wapi. Moja ni ya ung'arishaji, nyingine ya ulinganifu. Zinaeleza jinsi fundi alivyomalizia kazi, hazisemi lolote juu ya jinsi mwanga unavyorudi.

Kwa almasi ya duara, nenda mbele ya neno Excellent, maana lina wigo mpana. Mawe ninayoyaamini huwa na uso wa juu wa asilimia 54 hadi 58 ya kipenyo, kina cha asilimia 60 hadi 62.5, pembe ya juu ya digrii 34 hadi 35, na pembe ya chini ya digrii 40.6 hadi 41. Vipimo hivi vyote vimo kwenye cheti kamili.

Pima na uzito uliofichwa. Almasi ya duara ya karati moja iliyokatwa vizuri ina kipenyo cha takribani milimita 6.4 hadi 6.5. Ukikuta ya karati moja yenye milimita 6.1, uzito wako umelala tumboni na kiunoni mwa jiwe, mahali pasipoonekana. Mkataji alifanya hivyo makusudi ili ifike 1.00, kwa sababu bei ya kila karati huruka jiwe likivuka 1.00, 1.50 au 2.00. Kwa mantiki hiyohiyo, almasi ya 0.93 iliyokatwa vizuri inaweza kuonekana sawa na ile kwa ukubwa au kuizidi, na bei ikawa ya chini sana. Hii ndiyo nafuu ya kweli ninayoijua kwenye soko hili.

Hatua ya 5: Ondoka kwenye taa za duka

Taa ndogo kali za dukani zimechaguliwa ili kila jiwe limeremete, hata lililokatwa vibaya. Omba kusogea dirishani, kwenye mwanga wa mchana usio wa jua kali, kisha mahali penye kivuli. Jiwe zuri hubaki na uhai kivulini. Kwa rangi, lilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe iliyokunjwa na ulitazame kwa ubavu. Muuzaji akikukataza kusogea hata hatua moja kutoka kaunta, amekujibu.

Hatua ya 6: Jihadhari na jiwe lililokwisha kufungwa

GIA hupima almasi zikiwa huru tu, kwa sababu jiwe lililofungwa haliwezi kupimwa kwa usahihi. Dhahabu ya njano huficha umanjano, na kucha za pete, vile vikono vinavyolishika jiwe, huweza kufunika ufa. Daraja linalotajwa kwa jiwe ambalo halijawahi kutoka kwenye pete ni makisio.

Kwenye pete za namna hiyo ndiko pia hutajwa jumla ya karati. Pete ya “karati moja” inaweza kuwa na jiwe la katikati la 0.40 na vijiwe kumi na kitu vya kumalizia hesabu. Uliza uzito wa jiwe la katikati peke yake, kwa tarakimu mbili baada ya nukta. Madaraja yakitajwa kwa wigo, mfano G–H au SI1–SI2, lipa bei ya lile la chini.

Hatua ya 7: Uliza moja kwa moja kama ni la asili na kama limefanyiwa kazi

Almasi ya maabara, yaani iliyotengenezwa na watu badala ya kuchimbwa ardhini, ni almasi kweli, kaboni ileile, na hakuna ubaya kuichagua. Ubaya ni kulipia ya asili na kupewa ya maabara. Macho hayawezi kuzitofautisha, na kile kifaa cha mkononi kinacholia kikigusa almasi hakiwezi pia, maana hupima upitishaji wa joto, na vingine hulia hata kwenye moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi. Tofauti ya bei kati ya almasi za aina hizi mbili ni kubwa mno, hivyo herufi zake zisilinganishwe. Mwaka 2025 GIA yenyewe iliacha kutumia ngazi za rangi na usafi kwa almasi za maabara, ikaweka maneno mawili tu ya ubora, Premium na Standard.

Kuna na mawe ya asili yaliyofanyiwa matengenezo. Mengine yametobolewa kwa leza ili kuondoa doa jeusi, mengine nyufa zake zimejazwa kitu kama kioo ili zisionekane. La nyufa zilizojazwa ndilo la kuepuka: moto wa sonara akirekebisha kucha za pete unaweza kuharibu ujazo huo na ufa ukajitokeza. GIA haitoi madaraja kwa mawe yenye nyufa zilizojazwa, hivyo ukosefu wa cheti chake kwenye jiwe kubwa lenye bei ndogo usichukuliwe kama bahati mbaya tu.

Hatua ya 8: Usiyumbishwe na thamani ya bima

Utapewa karatasi ya makadirio ya bima inayosema pete ina thamani mara mbili ya ulicholipa. Makadirio ya anayeuza hukufanya ujione mshindi, kisha hukufanya ulipe ada kubwa ya bima kwa miaka. Linganisha bei kwa kutafuta mawe mengine yenye cheti cha maabara ileile na vipimo vinavyokaribiana.

Hatua ya 9: Kila neno liwe kwenye risiti

Mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti itaje namba ya cheti na jina la maabara, uzito, rangi, usafi, neno “asili” au “ya maabara”, na kwamba jiwe halikufanyiwa matengenezo yoyote. Iandikwe pia kwamba unaruhusiwa kulipeleka kwa mtaalamu wa vito asiyehusiana na duka, na kwamba likitofautiana na maelezo utarudishiwa pesa taslimu, si kubadilishiwa bidhaa. Zingatia siku za kurudisha. Mtaalamu binafsi anaweza kukujibu siku hiyohiyo, lakini maabara kubwa inaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo siku kumi za kurudisha hazikufai kitu ukitaka jiwe lipimwe upya.

Lipeleke jiwe likiwa huru. Likishathibitishwa ndipo lifungwe, na umwambie sonara apange kucha zisifunike namba iliyochongwa kiunoni. Siku ya kuchukua pete, omba lenzi tena uisome namba hiyo kabla ya kusaini kwamba umepokea.